Mbuzi na Kondoo Wenye Mimba: Nasaha ya Chanjo kwa Wafugaji wa Kalembe

Kila inapovuma habari ya kwamba wachanjaji wa mifugo wamo njiani, wakishika barabara ya Sake na Kitshanga hata Mweso na Kashuga, na kwamba huenda wakafika Kalembe kabla ya mvua kuifunga njia, basi swali moja huanza kuzunguka majumbani na sokoni, nalo ni lile lile la miaka yote: je, mbuzi mwenye mimba naye achanjwe, au afichwe mpaka azae? Swali hili si la upuuzi, wala anayeliuliza hastahili kubezwa. Kwani mtu ambaye vita vimemnyang'anya ng'ombe, shamba na akiba, akabakiwa na majike watatu ambao ndio karo ya watoto, ndio dawa ya mgonjwa, na ndio mwanzo wa mahari ya kijana wake, ana haki ya kuihofu kila sindano inayomkaribia mnyama mwenye uzao tumboni. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kulijibu swali hili kwa urefu na kwa mpango, ili kila mfugaji, awe upande wa Masisi au upande wa Walikale, ajue la kufanya, la kuepuka, na la kumwuliza mchanjaji kabla ya kumfungulia zizi lake.

Jawabu kwa muhtasari

Asiye na wasaa wa kusoma yote na ashike haya manne:

- Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, maradhi ambayo kwetu wengi huyajua kwa jina la Kifaransa la peste, hupewa jike mwenye mimba, iwe changa au iwe kubwa.
- Chanjo za maradhi mengine hazina hukumu hiyo. Zimo ambazo humwua mtoto tumboni, nazo tutazitaja.
- Mimba inayoharibika siku ya chanjo aghalabu huharibiwa na mkono wa mshikaji, au na dawa nyingine iliyotolewa pamoja na chanjo.
- Mnyama aliyekwisha kuumwa hachanjwi. Chanjo ni kinga, haitibu.

Maradhi tunayoyakinga

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza katika nchi ya Côte d'Ivoire mwaka 1942. Kirusi chake ni jamaa wa karibu wa kile kilichokuwa kikiua ng'ombe kwa sotoka, na ni wa ukoo mmoja na kile kinacholeta surua kwa watoto wetu, ingawa binadamu hapatwi na maradhi haya ya mbuzi. Kwa miaka mingi yalijulikana kuwa ni ya Afrika Magharibi. Kisha yakavuka, yakaingia Turkana katika Kenya, yakaingia Karamoja katika Uganda, na mwaka 2008 yakathibitishwa kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2012 yaliivamia Kongo yetu kwa kishindo, yakaua mbuzi makumi ya maelfu katika mikoa kadha wa kadha, na mwishoni mwa mwaka 2017 yakazuka kwa jirani zetu wa Burundi. Hivyo asidhani mtu kwamba tunazungumza habari ya nchi za mbali.

Dalili zake ni hizi, na ni vema mchungaji wa zizi azijue kwa moyo:

- Homa kali ya ghafula, mnyama akasimama kando ya wenzake, manyoya yamesimama, hataki malisho.
- Machozi na kamasi, kwanza nyepesi kama maji, kisha nzito za manjano hata kuzigandisha kope na kuziba pua.
- Vidonda vya kinywani. Mfungue mdomo umtazame: kwenye fizi na chini ya ulimi utaona utando mweupe mfano wa pumba zilizolowa, nao ukiubandua kwa kidole unabanduka, chini yake pamebaki nyama nyekundu, na harufu yake ni mbaya.
- Kikohozi na kuhema kwa shida.
- Kuhara kwa nguvu, na mauti aghalabu kati ya siku ya tano na ya kumi tangu homa kuanza.
- Kutupa mimba kwa majike waliokuwa na mimba.

Tafadhali msomaji, lisome tena neno hilo la mwisho, kwa kuwa ndipo ulipo mzizi wa maneno yetu. Yule anayemficha jike wake ili mimba isidhurike na chanjo, humwacha wazi mbele ya maradhi ambayo dalili yake mojawapo ni hiyo hiyo ya kutupa mimba, na ambayo yakiingia katika kundi lisilopata kuchanjwa huweza kuwaua walio wengi, watoto na mama zao pamoja.

Kwa nini mimba haizuii chanjo ya sotoka

Chanjo inayotumiwa zaidi barani Afrika ilitengenezwa kwa kirusi kilichopatikana Nigeria mwaka 1975, kikadhoofishwa kwa kukuzwa mara nyingi katika seli za maabara mpaka kikapoteza ukali wake, hali kimebakiwa na uwezo wa kuufundisha mwili kujihami. Imejaribiwa kwa mbuzi na kondoo wenye mimba za umri wote, na haikuonekana kuwafanya watupe mimba. Dozi moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu kwa uchache, muda ambao kwa mbuzi wengi ni sawa na umri wao wote wa uzazi.

Fauka ya hayo, ziko faida mbili ambazo mwenye kumficha jike wake huzikosa.

Ya kwanza ni ya mtoto atakayezaliwa. Mama aliyechanjwa hutia kinga katika dang'a, yaani maziwa yale mazito ya mwanzo, na mwanambuzi akinyonya upesi saa za kwanza za maisha yake, hukingwa kwa muda wa miezi mitatu hivi, kabla hajafika umri wa kuchanjwa mwenyewe.

Ya pili ni ya kundi zima. Katika mazizi yetu madume huuzwa au huchinjwa mapema, hivi kwamba waliobaki ni majike. Na kwa kuwa mbuzi wetu huzaa mwaka mzima bila ya msimu maalumu, siku yoyote atakayokuja mchanjaji atawakuta wengi wana mimba. Wakiondolewa hao, watakaochanjwa ni wachache mno, ilhali maradhi haya hayakatiki katika mtaa mpaka wanyama wapatao 7 katika kila 10 wawe na kinga.

Chanjo zinazotaka hadhari

Usimwulize mchanjaji tu kama amekuja kuchanja. Mwulize ni chanjo ya maradhi gani. Kisha mwombe akuonyeshe kichupa, na kama husomi, mwite mtoto wa shule akusomee.

1. Homa ya Bonde la Ufa. Haya ni maradhi yanayoletwa na mbu, yaliyotambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mnamo miaka ya 1930, nayo humpata na binadamu pia. Chanjo yake ya zamani, iitwayo Smithburn, iliyotokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa Uganda katika miaka ya 1940, ni chanjo hai ambayo humdhuru mtoto tumboni: jike huweza kutupa mimba au kuzaa kiumbe chenye kasoro. Mwenye mimba asipewe hata kidogo. Zipo chanjo za maradhi hayo zilizotengenezwa kwa kirusi kilichouawa, ambazo ni salama zaidi kwake, lakini sharti zirudiwe ili kinga idumu.
2. Maradhi ya ulimi wa bluu. Chanjo zake zilizo hai ni hatari kwa kondoo aliye katika nusu ya kwanza ya mimba.
3. Ndui ya mbuzi na kondoo. Hapa fuata maelezo ya kiwanda kilichoitengeneza, kwani hayalingani yote. Na kama maelezo hayapo, muache mwenye mimba kubwa mpaka azae.

Ikiwa mchanjaji hawezi kukutajia jina la chanjo aliyoichukua, basi hapo ndipo pa kukataa, tena pasipo haya.

Matayarisho kabla ya siku ya chanjo

Kazi iliyo njema huanzia nyumbani, siku chache kabla ya wachanjaji kufika.

- Watambue wenye mimba. Mimba ya mbuzi na ya kondoo huchukua miezi mitano hivi. Kumbuka dume aliingia zizini lini, tazama tumbo na kiwele, kisha uwatie alama ya kamba shingoni, rangi moja kwa mimba changa na rangi nyingine kwa wanaokaribia kuzaa.
- Wachunguze wagonjwa. Mwenye kamasi, kuhara au homa atengwe, na habari zake zipelekwe kwa veterineri kabla ya kundi kukusanywa. Kumpeleka mgonjwa kwenye uwanja wa chanjo ni kuyagawa maradhi kwa kijiji kizima.
- Walishe na kuwanywesha kama kawaida. Jike mwenye mimba kubwa asilazwe na njaa wala asiswagwe mwendo mrefu.
- Tengeneza mahali pa kushikia. Uzio wa mianzi au fito, wenye njia nyembamba ya kupita mnyama mmoja mmoja, wapunguza mbio na misukumano.
- Chagua asubuhi. Jua likiwa kali, mnyama huchoka na dawa huharibika.

Mkiwa kijiji kimoja, afadhali wachanjaji wapite mtaa kwa mtaa kuliko kuwakusanya wanyama wote uwanjani. Hata hivyo, pale ambapo hali ya usalama hairuhusu wageni kuzunguka, na mkusanyiko mmoja ndio njia pekee, wekeni zamu: mtaa huu saa moja, mtaa ule saa tatu, na makundi yasigusane.

Namna ya kumshika jike mwenye mimba

Hapa ndipo mimba nyingi zinapopotea, kisha lawama ikatupiwa dawa. Vijana humkimbiza mbuzi uwanjani, wakamdaka mguu wa nyuma, wakamwangusha ubavu, mmoja akamkalia, na jioni au kesho yake damu ikaonekana. Ifuatayo ndiyo taratibu inayofaa:

1. Mkaribie polepole katika kona ya zizi, asikimbizwe.
2. Mkono mmoja uwe chini ya taya au kifuani, mwingine uzuie nyuma ya mapaja. Asivutwe kwa pembe, mguu, mkia wala manyoya.
3. Mwache asimame kwa miguu yake minne. Mshikaji asimame kando, amwegemeze mnyama kwenye goti lake au kwenye uzio, pasiwe na uzito wowote juu ya tumbo.
4. Asifungwe miguu, asilazwe chali, asibebwe kwa kuzungushiwa mikono tumboni.
5. Wenye mimba kubwa watangulie kuchanjwa kabla kundi halijachafuka kwa makelele, kisha watolewe kwa njia yao peke yao, mabeberu wasiwapige.

Sindano yenyewe

Mchanjaji aliyefundishwa ayajua haya, lakini ni haki ya mwenye mnyama kuyaangalia:

- Kipimo ni mililita 1 chini ya ngozi, shingoni au nyuma ya bega, mahali pakavu pasipo tope. Mwenye mimba hapunguziwi wala haongezewi.
- Ngozi huinuliwa kwa vidole viwili, sindano ikaingia chini ya mkunjo. Dawa ikimwagika juu ya manyoya, mnyama huyo hakuchanjwa, na sharti arudiwe.
- Sindano ibadilishwe mara kwa mara, na kwa uchache kila zizi lipate yake, kwani damu ya mbuzi wa jirani huweza kuleta maradhi ambayo wako hakuwa nayo.
- Mabomba na sindano za kutumika tena zichemshwe kwa maji safi, kisha ziachwe zipoe kabisa. Zisisukutuliwe kwa alkoholi wala kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa maana chanjo hii ni hai, na masalio ya dawa hiyo huiua ndani ya bomba.

Ubaridi wa dawa, na safari ya kutoka Goma

Kichupa kinapofunguliwa, tazama ndani yake: chanjo nzima ni kibonge kidogo cheupe kikavu kilichoshika chini ya kioo. Kikitiwa maji yake maalumu ya kuchanganyia, kikatikiswa kwa upole, huyeyuka chote pasibaki chembe. Basi kibonge hicho, ambacho huweza kubeba dozi 50 au 100, hakipendi joto wala jua. Huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kwa muda mrefu katika barafu kali zaidi ya hapo. Na kuanzia Goma mpaka Kalembe ni mwendo wa tope, makorongo, vizuizi na pikipiki, mahali ambapo saa tatu zilizotarajiwa huweza kugeuka siku nzima.

Kwa hiyo mwenye kuwapokea wachanjaji na awaulize bila ya kuogopa:

- Dawa ilitoka kwenye friji lini, na barafu katika kisanduku bado ipo? Pakiti za barafu zilizogeuka maji ya uvuguvugu ni ushahidi wa kutosha.
- Muda wa dawa ulioandikwa kwenye kichupa haujapita?
- Maji ya kuchanganyia nayo ni ya baridi? Maji ya moto huiua dawa papo hapo, na maji ya mtoni au ya mvua hayafai kabisa.
- Kichupa kilichochanganywa kitakwisha upesi? Saa moja ni kipimo chema, kikiwa kivulini juu ya barafu. Kilichobaki kitupwe, hakuna kuweka akiba ya kesho.

Zipo siku hizi namna za chanjo hiyo hiyo zilizotengenezwa ili zistahimili joto zaidi, nazo zinafaa sana kwa nchi kama yetu, lakini hata hizo zina kikomo na hazistahili kuachwa juani. Ubora wa chanjo zitumikazo Afrika hupimwa na kituo cha Umoja wa Afrika kiitwacho PANVAC, kilichoko Debre Zeit katika Ethiopia. Hivyo dawa isiyo na jina, inayouzwa sokoni mfukoni mwa mchuuzi, isinunuliwe hata ikiwa rahisi.

Baada ya chanjo

- Siku moja au mbili mnyama huweza kuwa na joto kidogo au uvimbe mdogo mahali pa sindano. Mpe kivuli, maji na majani mabichi.
- Kinga haiji siku ile ile. Mwili huhitaji majuma mawili hivi. Kabla ya hapo asipelekwe mnadani Mweso wala asichanganywe na wageni.
- Andika katika daftari la shule: tarehe, jina la chanjo, namba iliyoandikwa kwenye kichupa, jina la mchanjaji, na wanyama waliochanjwa, ukitaja wenye mimba na umri wa mimba zao.
- Atakapozaa, hakikisha mwanambuzi amenyonya dang'a ndani ya saa chache. Akiwa dhaifu, kamua umnyweshe.
- Mtoto huyo achanjwe afikapo miezi 4. Akichanjwa kabla ya hapo, kinga aliyoirithi kwa mama huizuia chanjo isifanye kazi.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

1. Kutoa dawa ya minyoo siku hiyo hiyo bila ya kuchagua. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema. Albendazoli, ambayo ni ya kawaida katika maduka ya dawa za mifugo, ina madhara kwa mtoto tumboni ikitolewa katika mwezi wa kwanza wa mimba. Jike huchanjwa na kunyweshwa kwa pamoja, mimba ikaharibika, na chanjo isiyo na hatia ikashitakiwa. Mwenye mimba changa, au anayedhaniwa kuwa nayo, apewe chanjo, na dawa ya minyoo ingoje mpaka veterineri achague inayomfaa.
2. Kuchoma deksametazoni kwa kila homa. Dawa hii ikitolewa kwa mwenye mimba iliyokomaa huweza kumzalisha kabla ya wakati.
3. Kuchanja kundi ambalo maradhi yamekwisha kuingia, kisha kushangaa wanakufa. Maradhi hukaa mwilini siku 4 hadi 6 kabla ya kudhihirika. Mnyama aliyekwisha kuyapata hachelewi kuumwa kwa sababu ya sindano, wala hafi kwa sababu yake.
4. Kuwaficha wachache. Wale waliofichwa ndio kuni za moto ujao.
5. Kuufanya wema kwa mbuzi wasiojulikana watokako. Mashirika na jamaa huleta mbuzi ili kuwasaidia waliopoteza mali, na wanyama hao hununuliwa masoko mbalimbali. Wasigawiwe siku ya kufika. Watengwe siku 21, wachanjwe, ndipo wagawiwe.

Shaka mnazozitoa, na majibu yake

*"Jike wa jirani alichanjwa, siku ya tatu akatupa mimba."* Huenda ni kweli, na huzuni yake ni ya haki. Lakini mimba hutupwa kwa sababu nyingi: kupigwa na beberu, njaa, dawa ya minyoo, ugonjwa wa kutupa mimba uitwao brusela, Homa ya Bonde la Ufa, na sotoka yenyewe iliyokuwa imekwisha kumwingia. Uliza alishikwaje na alipewa nini kingine siku hiyo, kabla hujaihukumu chanjo.

*"Nitamchanja akishazaa."* Je, una ahadi ya kwamba mchanjaji atarudi mwezi ule? Mwezi Oktoba 2024 mapigano yalifika Kalembe yenyewe, watu wakayahama makazi yao. Katika nchi ambayo njia hufungwa bila ya taarifa, fursa iliyopo leo ndiyo ya kushikwa. Na mtoto atakayezaliwa na mama asiyechanjwa huzaliwa bila ya urithi wa kinga.

*"Mbuzi wetu ni wa kienyeji, wamezoea maradhi."* Wamezoea kupe na ukavu wa malisho, lakini sotoka haikuwamo katika nchi hii tangu zamani, na hao mbuzi wadogo wa kienyeji wa Afrika Magharibi, ambako maradhi haya yalianza kujulikana, huuawa nayo vibaya sana.

*"Sikumbuki kama alichanjwa mwaka juzi."* Mchanje. Kuchanjwa mara ya pili hakumdhuru, wala hakuidhuru mimba.

*"Je, maziwa yake yatanywewa?"* Kirusi cha chanjo hii hakimpati mtu. Yachemsheni kama mnavyopaswa kuyachemsha maziwa yote.

*"Na kondoo? Mbona hawafi sana kama mbuzi?"* Ni kweli kwamba mara nyingi mbuzi huumia zaidi, lakini kondoo huambukizwa na huambukiza. Zizi lenye kondoo wasiochanjwa halijakingwa.

Akitupa mimba, fanya hivi

Iwe ni baada ya chanjo au pasipo chanjo, taratibu ni moja, na ni kwa ajili ya afya ya watu kabla ya mali:

- Usiguse kilichotoka kwa mikono mitupu. Vaa mifuko ya plastiki mikononi ikiwa huna glavu, kisha nawa kwa sabuni.
- Mama mwenye mimba na watoto wasikaribie kabisa, kwa sababu brusela na Homa ya Bonde la Ufa huwaingia watu kwa njia hiyo.
- Mbwa wasipewe. Kichomwe au kizikwe kwa kina, pamoja na kondo la nyuma na majani yaliyolowa.
- Jike atengwe, na maziwa yake yasinywewe mabichi.
- Peleka habari kwa veterineri wa eneo. Wakitupa mimba wengi katika juma moja, hasa baada ya mvua kubwa na mbu kuzidi, ni jambo la kumfikia mkuu wa kijiji na kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Usimchinje mgonjwa ili kuokoa nyama, wala usimpeleke sokoni. Nyama yake husafirisha maradhi, na wewe hujui ni maradhi gani uliyoyabeba.

Kwa waliohama na waliowapokea

Yako mambo ambayo vitabu vya ufugaji havikuyaandikia watu wa Kalembe. Familia ikikimbia usiku pamoja na mbuzi wawili, haiwezi kuambiwa ingoje siku 21; na mwenyeji mwenye huruma hawezi kumwambia mgeni wake amfunge mnyama porini. Hata hivyo, uko uwezekano wa kutenda lililo dogo. Mbuzi wa mgeni afungwe upande wa pili wa kiwanja, apewe chombo chake cha maji, na mwenye kumlisha awalishe wa nyumbani kwanza, wa mgeni mwisho. Karatasi ya chanjo, hata ikiwa ni kipande kilichochanwa daftarini, itiwe pamoja na kadi za watoto, kwani huko uendako itamwondolea mwenyeji hofu. Na siku wachanjaji wafikapo, wanyama wa waliohama wawe wa kwanza katika hesabu, wasiwe wa mwisho kwa kuitwa wageni. Maana kirusi hakimwulizi mnyama kwao ni wapi.

Rai yetu

Sotoka ya ng'ombe, iliyoifisha mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani, na silaha iliyoimaliza ilikuwa chanjo iliyofanyiwa kazi Muguga, karibu na Nairobi, ikafikishwa kila penye ng'ombe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, yameweka mwaka 2030 kuwa kikomo cha kuimaliza na hii ya mbuzi na kondoo. Kikomo hicho hakitafikiwa kwa mikutano ya miji mikubwa, ikiwa Kalembe na vijiji mfano wake vitawaacha majike wenye mimba vichakani siku ya chanjo.

Basi, ndugu mfugaji, mchanjaji wa sotoka akifika, mletee kundi lako lote lililo zima, dume na jike, mwenye mimba na asiye na mimba. Uliza jina la dawa, tazama barafu, zuia dawa ya minyoo kwa wenye mimba changa, na umshike jike wako wewe mwenyewe kwa mkono wa upole. Ukiyatimiza hayo, umeikinga mimba kuliko yule aliyeificha.